Sura ya Sita: Tabibu Arudipo Darasani

Kijana wa Kitanzania hutakiwa kuamua kama atakuwa daktari kabla hajatimiza miaka 18, na pengine mapema zaidi ya hapo, maana akiiacha Fizikia kidato cha tatu kwa kuiona ngumu, au kwa sababu shule yake ya kata haina mwalimu wa somo hilo, amekwisha kujifungia njia bila ya kujua kwamba palikuwa na njia. Yule asiyeiacha, akafaulu kidato cha nne na kupangiwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, ambao wanafunzi huuita PCB, atasoma miaka miwili, labda katika mabweni yenye baridi ya Tosamaganga juu ya bonde la Ruaha Mdogo, kisha mwezi wa Mei wa mwaka wa pili karatasi chache za mtihani zitamkatia shauri ambalo wazazi wake, walimu wake na yeye mwenyewe wamekuwa wakilijadili kwa muda mrefu kama kwamba liko mikononi mwao.

Sura hii haimhusu huyo aliyepita salama. Inamhusu aliyekosa pointi mbili, aliyeishia kidato cha nne kwa sababu ada ya kidato cha tano ilikwenda kwa mdogo wake, na hasa yule ambaye amekwisha kusoma chuo, akapata stashahada yake na kuajiriwa, akawatibu watu kwa miaka kadhaa katika zahanati ya kijijini, ambako kila mtu humwita dokta, ilhali yeye mwenyewe anajua kwamba cheti kilichotundikwa ukutani kinamtaja kwa jina jingine. Watu wa namna hiyo katika mikoa ya Iringa na Mbeya si haba, na swali lao ni moja: nisome nini tena ili chuo kikuu kinipokee? Jibu ninalolitoa, na ambalo kurasa zifuatazo zitalifafanua, ni kwamba masomo ya nyongeza humfaa mtu pale tu yanapoziba pengo lile lile ambalo msajili wa chuo atalitazama, na kwamba wengi hutumia miaka na fedha zao kuziba mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Na tuanze na sharti lenyewe kama lilivyoandikwa. Alama za kidato cha sita hugeuzwa kuwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S, ambayo wanafunzi huipokea kama sadaka ya msimamizi, ni nusu. Mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, umekuwa ukitaka kwa shahada ya udaktari wa binadamu ufaulu wa masomo yote matatu ya PCB na jumla isiyopungua pointi 6. Msomaji asidanganyike na udogo wa hesabu hiyo, kwa kuwa pointi 6 humpa mtu haki ya kuomba tu, na waombaji wakiwa wengi kuliko viti, kama ilivyo kila mwaka katika chuo cha Muhimbili na vinginevyo vya sifa hiyo, anayechukuliwa ni yule mwenye alama za juu zaidi, na mwenye pointi 6 hubaki akisubiri awamu ya pili na ya tatu ya udahili mpaka moyo unyong'onyee.

Kando ya njia hiyo ipo ya pili, ambayo wakubwa wa TCU huiita ya sifa linganishi. Mwenye stashahada ya tabibu, aliyesoma miaka mitatu katika chuo kinachotambuliwa na kufikia ngazi ya sita ya tuzo za ufundi, huruhusiwa kuomba shahada ya udaktari bila ya kupitia kidato cha sita, madhali wastani wake wa masomo, ambao kila mtu huuita GPA, haupungui 3.0. Katika Nyanda za Juu Kusini njia hii inajulikana sana, kwa kuwa vyuo vya kuianzia viko karibu: kiko chuo cha matabibu Mafinga, katika wilaya ya Mufindi, ambako misonobari ya Sao Hill huanza mara uondokapo mjini, na kiko Chuo cha Afya ya Msingi mjini Iringa, mbali na vyuo vya watu binafsi ambavyo vimeota Mbeya mjini katika miaka ya karibuni. Kisha mwanafunzi akishapanda daraja, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chuo chake cha sayansi za afya mjini Mbeya, ambacho wanafunzi wake hujifunza udaktari katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda na katika ile ya wazazi iliyopo Meta. Kwa hiyo mtoto wa Mafinga anaweza kutoka kuwa mwanafunzi wa stashahada hadi kuwa daktari kamili pasipo kuliacha basi la barabara kuu ya Tanzania na Zambia.

Hapa ndipo mtego ulipo, nami nitaukalia kwa kitambo, maana sijaona jambo jingine lililowakwamisha watu wengi zaidi huku likizungumzwa kidogo hivyo. Ili kuingia chuo cha matabibu, mhitimu wa kidato cha nne hutakiwa awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa ni nyongeza ya sifa, yaani ukiwa nazo ni vema, usipokuwa nazo hufukuzwi. Basi kijana mwenye F ya Hisabati huingia, husoma, hufaulu, huapishwa katika kazi na kupewa zahanati yake. Lakini sharti la shahada ya udaktari kwa mwenye stashahada, baada ya kuitaja ile GPA, huendelea sentensi moja zaidi, na sentensi hiyo husema kwamba mwombaji awe na D kwa uchache katika masomo matano ya kidato cha nne: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kile ambacho jana kilikuwa nyongeza, leo ni faradhi. Na kwa kuwa katika matokeo ya mwaka 2021 na 2022 takriban mtahiniwa mmoja tu katika kila watano nchini ndiye aliyefaulu Hisabati, msomaji mwenyewe aweza kukisia ni matabibu wangapi wanaohangaikia GPA nzuri bila ya kujua kwamba kikwazo chao kiko nyuma, katika cheti walichokifungia kabatini walipokuwa na miaka 17.

Tumfikirie tabibu mmoja wa zahanati, katika kijiji kimojawapo baina ya Mafinga na mashamba ya chai ya Mufindi, mwenye umri wa miaka 29 na GPA ya 3.4. Asubuhi ameletewa mtoto wa kilo 12 aliyepigwa na malaria kali, hajitambui, na kabla hajampa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya anapaswa kumchoma sindano ya artesuneti. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 kipimo ni miligramu 3 kwa kila kilo, basi ni miligramu 36. Kichupa kina miligramu 60, ambazo zikishayeyushwa na kuongezwa maji ya chumvi kwa sindano ya mshipani hufanya mililita 6, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Kwa hiyo mtoto anahitaji mililita 3.6, ambazo jedwali la dawa huzifikisha kwenye 4. Hesabu hii tabibu wetu huifanya kichwani huku akimtafuta mshipa mtoto na kumtuliza mama. Baada ya hapo kaja mzee aliyeishiwa maji mwilini, anayehitaji mililita 500 za dripu kwa muda wa saa 4, na mpira wa dripu uliopo hudondosha matone 20 kwa mililita moja: matone 10,000 yagawanywe kwa dakika 240, ni matone 42 hivi kwa dakika, naye ameshika saa yake akiyahesabu. Jioni mtu huyu huyu, ambaye katika siku moja amefanya uwiano, mgawanyo na makadirio ambayo kosa lake ni uhai wa mtu, hufungua mkoba wake na kutoa daftari la mazoezi ya kidato cha nne, kwa sababu cheti kinasema Hisabati hajui.

Yako maneno mawili ya kusema juu ya jambo hili, na mtu mwadilifu hana budi kuyasema yote mawili. La kwanza ni kwamba kumpima tabibu mwenye miaka mitano ya kazi kwa mtihani aliokalia akiwa mtoto, katika shule ambayo huenda haikuwa na mwalimu wa Hisabati kwa mihula miwili mfululizo, ni kumhukumu kwa dhambi ya halmashauri yake. La pili, ambalo matabibu wengi hawapendi kulisikia, ni kwamba shahada ya udaktari ina sayansi ya takwimu za tiba, ina fiziolojia iliyojaa milinganyo ya shinikizo na ujazo, ina utafiti wa mwaka wa mwisho, na mtu asiyeweza kuisoma grafu atakuwa akikariri pale wenzake wanapofahamu. Rai yangu ni kwamba sharti hilo lina msingi ijapokuwa kipimo chake ni kibovu. Na kwa kuwa mwombaji mmoja hana uwezo wa kukibadilisha kipimo, hekima ni kukifaulu, kisha kulalamika baadaye akiwa na koti jeupe.

Kukifaulu si muhali. Aliyekwisha kupata cheti cha kidato cha nne huruhusiwa na Baraza la Mitihani, yaani NECTA, kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa somo moja au mawili tu anayoyarudia, mradi awahi uandikishaji wa mwanzoni mwa mwaka na achague kituo anachoweza kukifikia mwezi wa Novemba. Mtihani wa Hisabati, kwa muundo wa miaka hii, huchukua saa 3: sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja, na yote hujibiwa. D huanzia alama 30. Atakayepiga hesabu ataona mara moja kwamba maswali 5 ya sehemu A yaliyojibiwa kwa ukamilifu yanatosha, na kwamba tabibu hana haja ya kuzibeba mada zote za miaka minne kama kwamba anachokitafuta ni A. Aanze na zile ambazo kazi yake imekwisha kumfundisha kwa jina jingine. Takwimu, pamoja na wastani wake, histogramu yake na majedwali yake, ni ndugu wa taarifa ya huduma za afya, yaani MTUHA, anayoijaza kila mwisho wa mwezi, akiwagawa wagonjwa kwa umri na kwa maradhi. Uwiano, faida na hasara, na hata swali la leja ambalo wanafunzi wa sayansi hulichukia, havimshindi mtu anayetunza daftari la dawa na kulifunga ili mkaguzi asimwone mwizi. Seti na uwezekano hujifunzwa kwa wiki chache. Vekta na dunia kuwa kama tufe aziache mpaka mwisho, na kama muda hautoshi aziache kabisa.

Lililo gumu zaidi ni aibu. Masomo ya jioni, ambayo kila mtu huyaita tuisheni, hufanyika katika vyumba vya shule baada ya saa za kazi, au katika vibanda vya mabati karibu na masoko, na wanafunzi wake ni vijana waliomaliza shule mwaka uliopita. Mwalimu mwenyewe aghalabu ni mhitimu mpya wa Chuo Kishiriki cha Elimu Mkwawa au mwanafunzi anayengoja ajira, mdogo kwa umri kuliko tabibu, ambaye humwamkia mwanafunzi wake mpya, "Shikamoo, kaka," akaitikiwa "Marahaba, mwalimu," kisha dakika kumi baadaye akamwekea mkasi mwekundu katika hesabu ya sehemu aliyoikosea mbele ya watoto. Nimewaona watu wazima waliostahimili usiku wa zamu na maiti za ajali za mlima Kitonga wakashindwa kustahimili hilo. Mwenye kushindwa na aibu hiyo na atafute mwalimu wa faragha, hata akilipa zaidi, na asijione mnyonge kwa kufanya hivyo. Asikubali tu kwamba aibu iwe sababu ya kuahirisha, kwa kuwa Novemba moja ikipita bila ya mtihani ni mwaka mzima uliopotea.

Kuhusu Kiingereza nitasema machache. Aliyesoma stashahada nzima kwa lugha hiyo na kuandika mafaili ya wagonjwa kwa miaka mingi hupata D bila ya tabu kubwa, endapo atazirudia barua rasmi, ufahamu na vile vitabu vya fasihi ambavyo mtihani huviulizia, na ambavyo mtu mzima, ajabu ya mambo, huvifurahia kuliko alipovisoma kwa kulazimishwa.

Yule ambaye pengo lake si cheti cha kidato cha nne bali ni GPA yenyewe ana hali nzito zaidi. Aliyehitimu na 2.8 amekwisha kuikosa sifa ya kuomba. Stashahada ikishatolewa haina marekebisho. Hakuna kozi ya wikiendi, wala semina, wala cheti cha mafunzo ya wiki mbili juu ya kifua kikuu, kitakachoigeuza 2.8 kuwa 3.0, ingawa wako watu wanaokusanya vyeti vya namna hiyo mpaka vinajaza bahasha, kwa imani kwamba uzito wa bahasha utamlainisha msajili. Mafunzo hayo humfaa tabibu kazini na huwafaa wagonjwa wake, lakini katika udahili hayana mizani. Ndiyo maana kila ninapopata wasaa wa kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa stashahada huwaambia kwamba mtihani wa kuingia udaktari wameshauanza, na kwamba alama ya somo dogo wanalolidharau muhula huu itasomwa tena siku ambayo hawataweza kuigusa.

Wazo hili la kufanya kazi kwanza na kusoma udaktari baadaye si geni katika nchi yetu, na vijana wanaoliona kuwa ni njia ya walioshindwa wangefaidika kwa kuijua historia yake. Mwaka 1963, serikali changa ya Tanganyika ilipofungua shule ya udaktari Dar es Salaam, ilianza pia kuwapandisha wasaidizi wa tiba wenye uzoefu kuwa madaktari wasaidizi, na hao ndio waliozishika hospitali za wilaya kwa miongo mingi, wakipasua mama wajawazito na kufunga mifupa iliyovunjika mahali ambapo daktari wa shahada hakuonekana. Shule ile iliingizwa katika Chuo Kikuu mwaka 1968. Kisha Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali amalize Jeshi la Kujenga Taifa na afanye kazi kwanza, halafu apate kauli nzuri ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Azimio hilo lilikuwa na kasoro zake, na sehemu kubwa ya utaratibu wake iliachwa baadaye. Walakini lilikuwa na dhana moja ambayo naiona kuwa ya haki, kwamba mtu aliyewaona wagonjwa kabla ya kuona kitabu ana kitu cha kukifundisha darasa.

Huko Marekani hali ni nyingine, na naitaja kwa sababu vijana wetu husoma habari zake wakachanganya mambo. Tangu Abraham Flexner alipotoa ripoti yake ya mwaka 1910, iliyosababisha shule nyingi duni za udaktari kufungwa, elimu ya daktari kwao imejengwa juu ya masomo ya chuo, na leo udaktari kwao husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo Mmarekani aliyesoma historia au muziki, akishikwa na shauku ya udaktari, hurudi chuoni mwaka mmoja au miwili kusoma biolojia, kemia na fizikia, na alama zake mpya husimama kando ya zile za zamani. Kwetu, ambao tumerithi mtindo wa Waingereza wa kuingia udaktari kutoka sekondari, msajili hatazami juu, hutazama chini: mwalimu wa Baiolojia mwenye shahada yake safi kutoka Chuo Kishiriki cha Elimu Mkwawa, akiomba udaktari, asome kwanza kama chuo anachokiomba kimeitaja shahada yake miongoni mwa sifa zinazokubaliwa, kisipoitaja, ataulizwa Fizikia yake ya kidato cha sita, na miaka yake mitatu ya chuo kikuu haitamjibia.

Na hii hutuleta kwenye kuurudia mtihani wa kidato cha sita, ambao ndio njia pekee iliyobaki kwa mwenye GPA pungufu na kwa yule aliyeikosa PCB kwa alama chache. Hapa ugumu si nadharia. Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato hicho zina mtihani wa vitendo, na mtahiniwa wa kujitegemea asiyekuwa na maabara ni mtu anayejifunza kuogelea mchangani. Atafute shule au kituo kitakachomruhusu kushika bureti na pipeti yeye mwenyewe, apime asidi kwa alkali mpaka rangi igeuke kwa tone moja, arudie mpaka vipimo vitatu vikubaliane. Na akiambiwa kwamba maabara "itafunguliwa karibu na mtihani" achukue ada yake aende kwingine. D ya kidato hicho huanzia alama 50 na E alama 40, kiwango kilicho mbali na zile 30 za kidato cha nne, na asiyekuwa na miezi isiyopungua kumi ya kusoma kwa utulivu asijitie humo huku ana zamu za usiku.

Tahadhari moja lazima itolewe juu ya kozi za awali ambazo hutangazwa kwa mabango barabarani, kwamba mtu akisoma miezi kadhaa atakuwa na sifa ya kuingia chuo kikuu. Kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye vituo Iringa na Mbeya, ni kitu halali na imewafikisha watu wengi kwenye shahada mbalimbali. Lakini kwa udaktari mtu asilipe hata shilingi moja kabla hajafungua mwongozo wa TCU wa mwaka ule ule, akautafuta ukurasa wa chuo anachokitaka, akausoma mstari wa shahada ya udaktari mpaka nukta ya mwisho, na kuona kwa macho yake kama kozi hiyo imetajwa. Maneno ya dalali wa chuo si mwongozo, na ya rafiki aliyeingia miaka mitano iliyopita pia si mwongozo, kwa kuwa masharti hubadilishwa.

Fedha na ruhusa ni mlango wa peke yake ambao nitaugusa kwa ufupi. Udaktari ni miaka 5 na mwaka mmoja wa utarajali. Bodi ya Mikopo kwa taratibu za miaka ya karibuni imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35, na imekuwa ikitaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka 5 iliyotangulia. Kwa hiyo tabibu anayesema atajaribu "mambo yakitulia" anakula akiba yake bila ya kujua. Mtumishi wa umma naye anahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri, na ruhusa hiyo hutolewa kwa wepesi zaidi kwa aliyeingizwa mapema katika mpango wa mafunzo wa idara kuliko kwa anayekuja Septemba na barua ya udahili mkononi akitaka ijibiwe kesho.

Basi tuseme tabibu wetu wa Mufindi ameketi mtihani wake Novemba, na matokeo, ambayo kwa kawaida hutangazwa Januari, yamempa D ya Hisabati. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha sita. Katika miezi hiyo ya katikati atashughulikia namba ya uhakiki ya stashahada yake kutoka baraza la elimu ya ufundi, yaani NACTVET, ataandika barua zake, na marafiki watamwambia apumzike. Mimi ningemshauri afungue kitabu cha Kemia. Hakuna sharti linalomtaka afanye hivyo, na hakuna atakayempa cheti kwa ajili yake. Lakini mwaka wa kwanza wa udaktari una biokemia, na pembeni yake watakaa vijana wa miaka 20 waliotoka kukariri kemia ya kaboni kwa miaka miwili, ambao hawajawahi kumwona mgonjwa akikata roho lakini wanazijua asidi za amino zote kwa majina. Yeye aliruka kidato cha tano na cha sita, na mahali alipoparuka ndipo hapo. Miaka miwili ya mwanzo atakuwa nyuma yao katika maabara, nao wataanza kumfuata yeye siku ya kwanza watakapopelekwa wodini Meta. Na wengi wa matabibu wanaorudishwa nyumbani hurudishwa kabla siku hiyo haijafika.